Mashine Isiyo na Mdomo

Binamu yangu Murhula ameileta kutoka Liège,
nyeupe, ndefu, imesimama mezani kama sista siku ya Pasaka.
Nimeizunguka mara tatu nikitafuta pa kuilisha.
Haina mdomo.
Nikamuuliza: diski inaingilia wapi?
Akacheka kwa Kifaransa.
Siku hizi, akasema, michezo inashuka kutoka hewani.

Sawa. Hapa Kadutu hewa inauzwa kwa megabaiti.
Mchezo mmoja wa kandanda uliomba giga tisini.
Nikanunua za usiku, zile za bei ya huruma,
nikalala na jicho moja kwenye mstari wa bluu
unaotambaa kama konokono aliyekatazwa haraka na daktari.
Siku ya nne ukafika. Ukafunguka.
Ukaniambia: kuna toleo jipya, subiri.

Ngojeni niseme yangu, kisha mnitukane.
Zamani kwa Zihalirwa, pale juu ya ngazi za soko,
tulilipa franka mia mbili kwa mechi,
aliyefungwa anaamka, benchi halijui cheo.
Diski zilikuwa na mikwaruzo kama magoti ya watoto;
tulizipangusa kwa shati, kwa mate, kwa jina la Bwana,
na zikikaidi, fundi Cirhuza aliigeuza konsoli kichwa chini
nayo ikasoma, kama mwanafunzi aliyeona fimbo.
Wachezaji walikuwa na nyuso za viazi.
Pua zao za nini? Tuliwajua kwa mbio zao.

Sasa naona jasho kwenye shingo ya beki,
naona uzi wa jezi, naona kivuli cha kope,
lakini akipokea mpira anafikiri kama karani wa komini
saa sita na nusu mchana.
Na kila kitu kina bei: viatu vina bei,
kushangilia bao kuna bei.
Nimeuziwa nyumba, halafu mlango, halafu ufunguo.

Na ile michezo ya kwenda porini peke yako?
Mikubwa. Mikubwa mno.
Unatembea milima saa mbili
ili umpelekee mzee asiye na jina kikapu cha uyoga.
Mimi napanda Kadutu kila siku na bidoni ya maji,
sihitaji kulipa ili nichoke.

Nawe, mgeni wa kamera, tafadhali,
usiniulize tena kama najua madini ya ndani yametoka wapi.
Najua. Mjomba wangu alichimba, mgongo wake unajua zaidi.
Niache kwanza nipige penalti.

Jambo moja nitalikiri, ila Nsimire asilisikie,
maana kila jioni namwapia kwamba vya kale ndivyo.
Juzi, ndani ya mchezo ule wa milima, mvua ilianza.
Ikapiga bati la kibanda. Sikuwa na kazi yoyote pale.
Nikamsimamisha mtu wangu mlangoni, nikaweka maneti mezani,
na ile mitetemo yake, niliyoiita upuuzi wa matajiri,
ikawa inadonoa mbao, tone kwa tone.

Mama akatoka chumbani na mabeseni mawili.
Akaangalia dari, akaangalia ukuta wa upande wa korongo.
"Imeanza?"
Hapana, Mama. Ni ya humu.
Akakaa kando yangu, mabeseni magotini,
akaitazama mvua isiyoteremsha nyumba ya mtu.
"Nzuri," akasema. Kisha: "Inaweza kusimamishwa?"
Nikamwonyesha kitufe.
Akabonyeza. Mvua ikasimama, kila tone mahali pake.
Akabonyeza tena, ikanyesha.
Akaisimamisha.

Umeme ulipokatika alikuwa bado ameshika maneti,
kidole gumba juu ya kitufe,
gizani, hasemi kitu.